Njia Yenye Wenyewe: Kwa Baiskeli Kutoka Isiolo Hadi Marsabit

Mji wa Isiolo umekaa pale ambapo vilima vya Nyambene na miteremko ya Mlima Kenya hukoma na nyika ya kaskazini huanza, na kwa muda mrefu wa utawala wa Waingereza mahali hapo palihesabiwa kuwa ukomo wa Kenya yenyewe, kwani aliyetaka kupita kwenda Marsabit, Moyale au Wajir ilimlazimu kupata kwanza cheti cha ruhusa, na aliyetaka kuteremka kutoka huko kwenda Nairobi hakuwa na uhuru zaidi ya huyo aliyepanda. Sheria ya Wilaya za Mbali ilitungwa mwaka 1902, ikafuatwa na ile ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934, na zote mbili zilikusudia kuifunga nchi ile, watu wake na mifugo yake, isichangamane na nchi nyingine. Sheria hizo zimekwisha kufutwa, walakini athari yake haijafutika nyoyoni, maana hata leo, ukikaa katika mkahawa wa Isiolo wakati wa chai ya jioni, utamsikia msafiri aliyetoka Marsabit akisema kwamba kesho anakwenda Kenya, na hapana anayemcheka, kwa kuwa kila aliyepo anafahamu alichokusudia.

Nilifika Isiolo katika majira ya kusi, nimetoka Mombasa na baiskeli yangu imefungwa kwa kamba juu ya basi, kwa azma ya kujiunga na msafara wa waendesha baiskeli waliopanga kwenda Marsabit, mwendo wa kilomita 260 hivi, kwa kupitia Archers Post, Sereolipi, Merille, Laisamis na Logologo. Msafara wenyewe haukuwa mashindano. Hapakuwa na zawadi wala mshindi, na saa haikuwekwa ili kumjua aliyetangulia bali kumjua aliyechelewa, apelekewe maji. Ada ya namna hii si ngeni duniani, kwani Wafaransa wanayo safari yao ya kutoka Paris kwenda Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200, iliyoanza mwaka 1891 ikiwa mbio za watu hodari na baadaye ikawa ziara ya watu wa kawaida wenye siha na subira, ambao hupewa saa 90 za kuimaliza, na kila mmoja wao huchukua kadi ipigwayo muhuri katika vituo vya njiani iwe shahidi wake. Waandalizi wetu waliifuata ada hiyo ya kadi, ila vituo vyao vilikuwa maduka ya kando ya barabara, na muhuri wao ulikuwa sahihi ya mwenye duka.

Barabara hiyo imekwisha kuona magurudumu ya wageni wengi kabla yetu. Tangu mwaka 2003 msafara uitwao Tour d'Afrique huondoka Cairo kwenda Cape Town, takriban kilomita 12,000 katika muda wa miezi minne, na kipande chake cha kutoka Moyale kushuka Isiolo, kabla hakijatiwa lami, kilitajwa kwa hofu na waliokipita, kwa ajili ya mawe meusi ya volkano ya jangwa la Dida Galgalu, ambayo yalipasua tairi na kukata spoku na kuwalaza watu njiani kabla ya kufika kambini. Na zamani zaidi, kati ya mwaka 1931 na 1936, Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, alilivuka bara la Afrika kutoka Tripoli hadi ncha yake ya kusini, akarudi kwa njia nyingine hadi Algiers, peke yake, kwa baiskeli na pale baiskeli iliposhindwa kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Nawataja kwa heshima, maana walifanya jambo kubwa. Lakini kila niliposoma habari zao nilijiuliza kwa nini sisi wenyewe, ambao baiskeli ndiyo iliyotupelekea mkate na samaki milangoni tangu utoto, tumewaachia wageni raha ya kuitazama nchi yetu kwa mwendo ule ambao mtu huweza kumwamkia mwenziwe na kuitikiwa. Marehemu Sule Kangangi, Mkenya aliyefariki mwezi wa Agosti mwaka 2022 akiwa katika mbio za baiskeli huko Vermont, Marekani, alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho kuwafungulia vijana wa Afrika ya Mashariki mlango huo, na mashindano ya njia za changarawe yaliyoanza Maasai Mara mwaka 2021 ni sehemu ya matunda ya juhudi yake na wenziwe. Mimi si mtu wa mashindano, ila naamini kwamba mlango alioufungua ni mpana, na kwamba hata wenye mwendo wa polepole wana nafasi ya kuingia.

Jioni ya kabla ya kuondoka niliipeleka baiskeli kwa fundi mmoja katika mtaa wa Wabera, mtaa wenye jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa mwaka 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido, katika mwaka uleule ambao vita vya Shifta vilianza, vita vilivyoitesa nchi ile hadi mwaka 1967 na kuwapokonya Waborana na Wasomali wengi ngamia wao na riziki yao. Fundi yule alikuwa na karai ndogo ya maji yaliyokwisha kuwa rangi ya chai, ambayo, kwa maelezo yake, hayamwagi mpaka yakauke yenyewe. Aliitia tyubu yangu ndani ya maji yale, akaigeuza taratibu kwa vidole viwili, akatazama povu, akatia alama kwa kipande cha chaki, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipepea, kisha akabandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo. Alipomaliza alinionyesha miiba miwili ya mgunga aliyoichomoa katika tairi, akaniambia, "Kaka, hii ni ya mjini. Huko mbele kuna mbigili, na hakuna karai." Nilimwuliza watu wa huko hufanyaje. Aliinua tyubu akaizungusha karibu na midomo yake, akanifunza kuitafuta pancha kwa pumzi inayotoka na kuigusa ngozi. Elimu hiyo ilinifaa zaidi ya mara moja.

Usiku huo niliketi na mzee mmoja wa Kisomali, wa ukoo wa Isaaq, ambao wazee wao walikuwa askari wa Kiingereza na wakapewa makazi Isiolo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Nilimwita ami, kama tuwaitavyo watu wa umri wake kwetu pwani, naye akaniita mwanangu. Alinihadithia jinsi alivyoswaga mifugo ujanani mwake kuja Isiolo, ikazuiliwa huko karantini kwa ajili ya maradhi hata ikakonda na bei ikaanguka, na jinsi alivyopanda juu ya malori ya ng'ombe kwenda Moyale, siku mbili au tatu njiani, huku vumbi likiingia hata katika meno. Alipata kuishi hata akaiona lami. Kilomita 136 za kutoka Isiolo hadi Merille zilijengwa mwanzo, na kampuni ya Kichina, kisha vipande vya Marsabit, Turbi na Moyale vikafuata kimoja baada ya kimoja, na leo njia hiyo yote ya takriban kilomita 500 huenda mtu kwa siku moja. Nilipomwambia kwamba sisi tutaipita kwa baiskeli, tena kwa kupenda, hakustaajabu kama nilivyodhani. Alifikiri kidogo, akauliza swali moja tu: "Maji yenu mtayapata kwa nani?"

Nilimjibu kwamba waandalizi wana lori la matangi litakalojazwa Isiolo na kutufuata. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema basi mtafika.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watu wa Nairobi, Meru, Nanyuki na pwani, na vijana wa Isiolo wenyewe, miongoni mwao wasichana wawili wa Kiborana waliovaa hijabu chini ya helmeti zao, ambao walijua kila kona ya njia mpaka Archers Post na wakatutangulia mpaka huko bila kuonyesha kuchoka. Njia huteremka kwa upole kutoka mjini, na hewa ya asubuhi ilikuwa na ubaridi ambao mgeni huweza kuudhania kuwa utadumu. Kusi ilitushika bega la kulia. Sisi wa pwani tunaijua kusi kuwa pepo ya majahazi, lakini huko kaskazini, katika uwazi ulioko kati ya nyanda za juu za Kenya na za Uhabeshi, pepo hiyo ya kusini mashariki hukusanya nguvu kubwa mno, hata ikajengewa mitambo 365 ya kuzalisha umeme karibu na Ziwa Turkana, na mwendesha baiskeli huisikia nguvu hiyo kwa mikono yake yote miwili, maana usukani humtaka ailalie pepo upande mmoja muda wote, na lori linapompita na kumkinga kwa dakika ile moja, baiskeli humvuta ghafula upande wa pili.

Archers Post, mji mdogo uliochukua jina la Mwingereza Geoffrey Archer, uko kando ya mto Ewaso Nyiro, nao ni mto ambao maji yake hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita hapo rangi ya udongo, kisha yakaenda kupotea katika kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari. Hapo tulipata sahihi ya kwanza katika kadi zetu. Karibu na mji huo kipo kijiji cha Umoja, kilichoasisiwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wanawake wenziwe wa Kisamburu waliokimbia dhuluma za nyumbani, nacho hujitegemea kwa shanga na kwa wageni waendao mbuga za Samburu na Buffalo Springs. Tulinunua shanga tukaendelea. Upande huo pia tulionywa tusiokote chuma chochote nje ya njia, kwa kuwa majeshi, likiwamo la Uingereza, yamefanya mazoezi huko miaka mingi, na mabomu yaliyoachwa yaliwaua na kuwalemaza wachungaji, hata mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia walioumia na jamaa za waliokufa.

Baada ya Archers Post jangwa huanza kujidhihirisha, na napenda kusema kwamba si jangwa la mchanga mtupu kama wengi wa pwani wanavyolifikiri, bali ni nchi ya udongo mwekundu, migunga mifupi, mawe, na mito mikavu ambayo wenyeji huiita laga, yenye mchanga mweupe juu na, kwa anayejua pa kuchimba, maji chini. Choroa walisimama mbali wakitutazama, swala twiga walisimama kwa miguu ya nyuma wakila majani ya juu ya vichaka, na kwa muda mfupi tuliwaona punda milia wa Grevy, wenye mistari myembamba na masikio ya mviringo, ambao duniani kote hawapatikani porini ila katika kaskazini ya Kenya na Uhabeshi, na idadi yao ni elfu chache tu. Wanyama wale hawakuikimbia baiskeli kama walivyolikimbia lori. Kushoto kwetu ulisimama Ololokwe, mlima wa mwamba wenye kichwa bapa na kuta zilizosimama wima, ambao Wasamburu huuheshimu kuwa mahali patakatifu na ambao tumbusi hujenga viota katika magenge yake. Aliye ndani ya gari huupita Ololokwe akiwa bado anatafuta kamera yake. Sisi tulikuwa nao tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka, ukibadili rangi kutoka buluu kuwa hudhurungi, na kutoka hudhurungi kuwa nyekundu, na sijapata kuutazama mlima mmoja kwa muda mrefu namna ile pasipo kuuchoka.

Joto la adhuhuri lilitutoa barabarani. Tulijikinga chini ya migunga, tukala mchele na maharagwe, na sisi Waislamu tulisali adhuhuri na alasiri kwa kuzijumuisha, kwa tayamamu, yaani udhu wa udongo, maana maji yaliyokuwapo yalikuwa ya kunywa na dini imetupa ruhusa hiyo. Wasiokuwa Waislamu waliuliza tunafanya nini na udongo. Tuliwaeleza, na baadaye jioni niliona hata wao wameacha kujimiminia maji kichwani kama walivyofanya asubuhi.

Hapo karibu na Sereolipi nililiona jambo ambalo naliweka juu ya mengine yote ya safari hii. Mwenyeji mmoja wa Kisamburu aliyekuwa katika msafara alituombea idhini kwa wazee, kisha akatuongoza, tukikokota baiskeli zetu mchangani, mpaka laga moja ambamo wamechimba kisima cha kiangazi. Kisima hicho ni shimo pana lililokwenda chini kwa ngazi, na katika kila ngazi amesimama kijana, na ndoo hupanda kutoka mkono hadi mkono, ile iliyojaa ikipanda na ile tupu ikishuka, bila kusita, kwa mizani ya wimbo waimbao wote pamoja, mpaka ile ya juu imiminwe katika hori. Ng'ombe husubiri mbali, kundi kwa kundi, na kila kundi huujua wimbo wa nyumba yake, hata wimbo ukigeuka hili huondoka na lile huja, bila fimbo. Mwenzetu mmoja aliinua simu apige picha, na mzee aliyekuwa akisimamia zamu aliinua kiganja chake pasipo kusema neno, na simu ikarudi mfukoni. Walio kisimani hufanya kazi uchi, na mahali pale kwao ni kama nyumbani.

Mzee yule, baada ya kutuamkia na kutuuliza habari za mvua huko tulikotoka, alituuliza kila mmoja wetu hunywa maji kiasi gani kwa siku moja ya mwendo kama huu. Tulimjibu kwamba ni lita kumi, pengine pungufu kidogo, pamoja na ya kupikia. Alihesabu kwa vidole, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Basi kila mmoja wenu ni mbuzi wawili." Akatutazama sote, akihesabu kundi lake hilo jipya. Hakusema kwa chuki wala kwa utani, bali kama mtu aliyezoea kugawa kilicho kidogo na ambaye kila kiumbe kinachofika laga ile sharti akiingize katika hesabu. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana katika nchi ile misimu mitano mfululizo, na mifupa ya ng'ombe waliokufa wakati huo tulikuwa tumeiona kando ya barabara tangu asubuhi. Mzee yule alikuwa amepoteza wengi. Alipoambiwa kwamba maji yetu yametoka Isiolo kwa lori, na kwamba hatukuja kuteka kwake, uso wake ulikunjuka, na ndipo alipotukaribisha kunywa, kwa ndoo ya mti, maji baridi yenye ladha ya mchanga. Tulikunywa funda moja moja, kwa kuwa kukataa kungekuwa utovu wa adabu na kunywa zaidi kungekuwa dhuluma.

Tangu saa ile sikuweza kuiita nchi ile tupu. Wapendao safari za jangwani, na maandishi yao ni mengi, husifu upweke na ukimya na kule kutokuwako kwa mtu, nami nawaelewa, kwa sababu hata mimi moyo wangu ulitulia katika uwazi ule kuliko unavyotulia mjini. Lakini ukweli wa nchi ile ni kwamba hapana laga isiyo na mwenyewe, hapana mti wa kivuli usiokuwa na jina, na malisho ambayo mgeni huyaona kuwa pori yamekwisha kugawanywa kwa mapatano, na mara nyingine kwa damu, kati ya Wasamburu, Waborana, Warendille, Waturkana na Wasomali. Mgeni hapiti katikati ya ukiwa. Anapita katika nyumba ya watu, na desturi ya kuingia nyumbani mwa mtu inajulikana pwani na bara.

Merille tuliipita upesi, siku isiyokuwa ya gulio, ingawa waliowahi kuiona siku ya soko husema mbuzi na ngamia huifunika barabara. Ng'ambo ya Merille pancha zilitufuata kwa wingi, nami niliitumia elimu ya fundi wa Wabera, tyubu karibu na midomo, huku kijana wa Kirendille aliyekuwa akichunga akinishikia baiskeli na kunionyesha kwa kidole mahali ambapo mbigili nyingine zimejificha katika tairi. Laisamis tulilala katika uwanja wa shule. Asubuhi wanawake walikuja na madebe ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi wa vijiti wavifukizavyo vyombo vyao ili maziwa yasiharibike, na tukayanunua yote waliyokuwa nayo kwa bei waliyoitaka. Maziwa ya namna hiyo hukusanywa na akina mama katika sehemu za Isiolo na kupelekwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, na nadhani katika biashara zote za nchi ile hapana iliyo karibu zaidi na mkono wa mwanamke. Mimi niliyekuwa nimechoshwa na maji ya moto ya chupa niliyanywa maziwa yale na nikaona nguvu imerudi miguuni.

Kutoka Laisamis njia huingia jangwa la Kaisut, na hapo ndipo kusi iliponijaribu kuliko kwingineko. Mahali pale migunga hupungua, mawe meusi hutanda pande zote mbili, na lami hunyooka mbele mpaka mwisho wake unatetemeka kwa mangazimbwe, hata mtu huona maziwa ya maji pale ambapo hapana ila mawe. Kilomita zilipita polepole. Tulijipanga kwa mshazari, kila mmoja akimkinga mwenziwe pepo, na wa mbele akichoka hurudi nyuma na mwingine huchukua nafasi yake, na katika mpango huo hapakuwa na mkubwa wala mdogo, daktari wa Nairobi alikingwa na mwuza miraa wa Isiolo, na mwuza miraa naye akakingwa na yule msichana wa Kiborana ambaye, nilikuja kupata habari, alikuwa anajiandaa kwa mtihani wake wa kidato cha nne. Wawili wetu walishindwa na jua wakapandishwa katika gari la nyuma. Hapana aliyewadharau, na kadi zao ziliandikwa kwa haki kilomita walizokwenda.

Baada ya Logologo barabara huanza kupanda, na kupanda huko hakukomi mpaka Marsabit, kwani mji ule umejengwa ubavuni mwa mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya jangwa, nao hujivutia mawingu ya kusi na kuyageuza kuwa umande na ukungu na msitu. Karibu na Karare majani yalianza kuwa mabichi, na pepo ile iliyokuwa ikitukausha ikawa inatupoza. Msitu wa Marsabit ndio uliokuwa makazi ya Ahmed, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, na ambaye alikufa kwa uzee mwaka 1974. Tuliingia mjini jioni, mmoja mmoja na wawili wawili, na sahihi ya mwisho tuliitiliwa na mwenye duka la nafaka, mama wa Kiburji, aliyesoma majina ya vituo vyote katika kadi yangu, akaiweka sahihi yake chini ya ile ya Laisamis, akaniuliza kama nitarudi kwa baiskeli au kwa basi.

Nimeandika haya kwa kuwa najua wapo wasomaji, vijana hasa, watakaotaka kwenda, nami nawahimiza waende. Njia iko wazi, lami ni nzuri, na majira yafaayo ni yale ya kiangazi cha kati, tangu Juni hadi Septemba, baada ya masika. Watoe taarifa kwa serikali za kaunti na kwa polisi, waulize hali ya usalama kwa wenyeji wala si kwa uvumi wa Nairobi, na wapate idhini ya wazee kabla ya kuacha barabara kwenda lagani. Wasipige picha kisimani. Watiliwe sahihi kadi zao katika maduka ya njiani na wanunue humo chakula chao, na maziwa wayanunue kwa akina mama wa Laisamis. Na wanaoandaa misafara ya namna hii, wawe wa kwetu au wa ng'ambo, nawaomba kwa dhati wayachukue maji yao yote kutoka Isiolo, lita kumi kwa kila mtu kwa kila siku, pamoja na ziada ya kumpa mchungaji watakayemkuta na kiu njiani, na kama hawawezi kulipia lori la kuyabeba basi waiahirishe safari mpaka watakapoweza.